Vilima Viwili vya Arap Tonui

Siku ambayo mambo yote yalimharibikia Alexander arap Tonui ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa tisini na tano. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha muda mfupi tu, chai imechipuka upya kila mahali, na yeye alikuwa amefika kwenye kituo cha majani, chini kidogo ya Kimulot, na kikapu kilichojaa mpaka kinamwagika. Alipanga foleni kama raia mwema. Zamu yake ilipofika, karani Orina hakukitundika kikapu kwenye mizani. Alikiangalia tu kwa huruma, jinsi mtu anavyomwangalia mbwa wa jirani aliyegongwa na gari.

"Mzee wangu," akasema, "chai yako imesimamishwa."

"Na nani?"

"Na mashine."

Katika maisha yake Alexander alikuwa amesimamishwa na chifu, na polisi wa barabarani, na mara moja na mzee wa kanisa aliyemkuta akikoroma katikati ya mahubiri. Mashine ilikuwa jambo jipya. Akachungulia nyuma ya mizani aone kama imesimama pale.

Aliyesimama pale alikuwa Kipkosgei, mwenyekiti wa kituo, amefungua mwavuli ingawa mvua ilikwisha. Akaeleza kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa foleni. Majuma machache nyuma kila mkulima aliambiwa alete majani mabichi ya kujaza kiganja, kwenye chombo safi, yapelekwe kupimwa, kwa sababu ilisemekana kuna watu wananyunyizia chai dawa iliyokatazwa. Majani ya watu wote yalitoka bila kasoro. Ya arap Tonui yalitoa vilima viwili. Wakubwa wa kiwanda wameagiza yasipokelewe, na kamati ikikaa mwisho wa mwezi jambo hili likiwa bado halijaeleweka, namba yake ya kuuzia chai itafutwa apewe mtu mwingine anayengoja.

Alexander akauliza ni vilima gani. Kipkosgei akasema yeye si daktari, lakini ameambiwa vilikuwa viwili, na vilikuwa virefu.

Sasa hiyo namba. Kwenye kadi iliandikwa jina la Alexander, kama desturi ya kadi zote, lakini chai yenyewe ilikuwa ya Rodah, marehemu mke wake. Ndiye aliyebeba miche kichwani kutoka kitaluni, ndiye aliyechimba mashimo, na kila mche alikuwa akiusemesha kabla ya kuufukia, mpaka Alexander akawa anauliza kama na yeye anaweza kupata nafasi ya kuzungumza naye. Rodah alifariki mwaka wa tisini na tatu juu ya trekta lililokwama matopeni, hospitali iko mbele, barabara iko kwenye ahadi. Na kamati ya barabara wakati huo mwenyekiti wake alikuwa nani? Kipkosgei, na mwavuli ule ule.

Tangu hapo Alexander, ambaye masomo yake yaliishia darasa la tatu, alikuwa na jibu moja kwa maswali yote ya dunia: wakubwa. Mvua ikichelewa, wakubwa. Sukari ikiadimika, wakubwa. Ng'ombe akikataa kushika mimba, hata hapo alijua njia ya kuwafikia wakubwa, kwa kupitia kwa daktari wa mifugo. Lakini mpaka siku ile wakubwa walikuwa hawajagusa chai ya Rodah. Akajitwika kikapu chake, akaanza kupanda kurudi nyumbani, na njia nzima alikuwa akitukana vilima.

Kesho yake akavaa koti la mazishi akaenda kuitafuta hiyo mashine.

Ilikuwa ndani ya nyumba ya mawe nyuma ya kiwanda, na mwenye kuilinda alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Daktari Beverly. Baba yake alitoka kando ya ziwa zamani akawa fundi wa mitambo kiwandani, kwa hiyo Beverly alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi papa hapa Kericho kabla ya kwenda ng'ambo kusoma. Alexander alikuwa amejiandaa kukutana na mzee mwenye tumbo na kalamu tatu mfukoni. Kumkaripia binti huyu aliyevaa gambuti kulikuwa kugumu, lakini alijitahidi.

Mashine yenyewe ilimshangaza kwa kiu. Mwanga wake ulizaliwa ndani ya bomba refu lililokuwa moto kama jiko, na ili lisijiunguze, mpira wa maji uliingia upande mmoja na mwingine ukatokea dirishani, ukimwaga maji ya vuguvugu kwenye karai huko nje. Ndama wawili wa jirani walikuwa wakinywa hapo bila wasiwasi wowote.

"Hii inakunywa kuliko ng'ombe wangu," Alexander akasema. "Na maziwa inatoa?"

"Inatoa karatasi tu, mzee."

Akamwonyesha. Kulikuwa na kibati cha fedha, fedha ile ya pete, kidogo kama ukucha, ambacho Beverly alikuwa amekikwaruza kwa asidi mpaka uso wake ukajaa vinundu vidogo kiasi kwamba jicho halivioni. Majani husuguliwa kwa maji, tone la maji hayo likadondoshwa juu ya fedha, likaachwa likauke, kisha likapigwa mwanga wa kijani mwembamba kama uzi. Mwanga mwingi hurudi jinsi ulivyokwenda. Lakini kidogo sana hurudi umebadilika rangi, na kila kitu hapa duniani hubadilisha mwanga kwa namna yake, kama kila ng'ombe alivyo na mlio wake, na mwenye kumfuga huutambua kutoka ng'ambo ya mto. Kalamu ya mashine huchora mlio huo kwenye karatasi, vilima na mabonde. Fedha kazi yake ni kuupaza, kama kipaza sauti kwenye mkutano wa injili. Njia hiyo huitwa Raman, kwa jina la bwana mmoja wa India aliyeigundua. Alexander akasema huyo bwana alifanya vizuri kugundua, lakini angemwachia shamba lake.

Beverly akafunua karatasi ya majani ya Alexander. Kweli, vilima viwili vilikuwa vimesimama bega kwa bega, na kwa kweli vilikuwa vizuri, hata mtu angetamani kuvipanda chai. Akaeleza kwamba ile dawa iliyokatazwa nayo huacha vilima karibu na hapo ikishapigwa na mwanga. Karibu na hapo, si hapo hapo. Ndiyo maana aliwaandikia wenye kiwanda kwamba majani haya yangoje, yapimwe tena. Yeye alisema yangoje. Kuyasimamisha kulianzia kwenye ofisi fulani katikati ya njia.

"Wakubwa," akasema Alexander, na kwa mara ya kwanza tangu jana akajisikia nafuu.

Kisha Beverly akauliza swali dogo tu: majani aliyaleta kwa chombo gani?

Wengine walikuwa wameleta kwa karatasi za nailoni na mikebe ya mafuta ya kupikia. Lakini tangazo lilisema chombo safi, na Alexander alipolisikia alisimama katikati ya nyumba yake akakagua kila sufuria, akaona aibu, kwa maana mjane mwanamume hana sufuria ya kuonyesha watu. Kitu kimoja tu nyumbani kilikuwa safi: sotet ya Rodah, kile kibuyu kirefu cha kugandishia maziwa ya mursik, chenye kifuniko cha ngozi na shanga. Juma alilougua, Rodah alikuwa amekiosha, akakikausha, akachoma kijiti cha mti wa senetwet na kukisaga ndani kikiwa bado na moto, mpaka tumbo la kibuyu likang'aa weusi. Maziwa hayakuwahi kutiwa. Kilikaa kwenye msumari miaka miwili, na siku ya tangazo Alexander alikishusha, akayasukuma majani kwa kidole kupitia shingo nyembamba, na kule kwa daktari ilibidi yavutwe kwa waya.

Beverly alikunywa mursik tangu utotoni. Aliweka mikono kichwani.

"Mzee, nilisema chombo safi."

"Na hicho nini? Kimesafishwa na moto. Hizo mikebe zenu zimesafishwa na nini?"

"Lakini baba, hivi vilima viwili ni alama ya mkaa. Mkaa ukiwa juu ya fedha unaita hivi hivi. Pengine kila kitu kilichotokea kimetoka kwa kibuyu."

Alexander akasema basi imekwisha, aandike hivyo, namba irudishwe. Beverly akasema haiandikwi hivyo. Lazima ahakikishe. Angetaka kibuyu chenyewe, akwangue weusi kidogo kutoka ndani, aupige mwanga, alinganishe.

Yaani kile kitu cha mwisho ambacho mikono ya Rodah ilikifanya, kikwanguliwe kwa kisu. Alexander akachukua kofia yake. Alisema wakubwa wameshachukua mwenye kibuyu, kibuyu chenyewe hawapati, akatoka, na pale nje akamfukuza ndama mmoja bila sababu yoyote.

Huku shambani chai haikuwa na habari za kesi. Iliendelea kuchipuka. Majani ya chai yakipita siku zake bila kuchunwa hukomaa yakawa magumu, na mstari uliokuwa kama meza huota nywele ovyo. Kila asubuhi Alexander alipita katikati ya michai ya Rodah iliyozidi kuwa vichaka, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja bila kuchelewa, kama vitu vyote vibaya.

Ndipo alipopata wazo: atatengeneza kibuyu kingine yeye mwenyewe, cha kukwanguliwa. Kusaga mkaa kwenye sotet ni kazi ya wanawake, na katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuitazama hata kwa pembe ya jicho. Kijiti cha kwanza kilizima, cha pili kikatoboa kibuyu. Cha tatu alikipuliza kwa nguvu, na mkaa wote ukamrudia usoni. Jirani yake Jerusa alikuja kuomba chumvi, akamkuta amekaa uani mweusi kuanzia paji la uso hadi kifuani, macho mawili tu yakipepesa.

Jerusa akauliza kama ni yeye anayetiwa maziwa. Alipomaliza kucheka akakaa chini akamwambia ukweli ambao Alexander alikuwa anaujua lakini hakuwahi kuusikia ukisemwa: kwamba katika ujirani wote hapakuwa na mkono kama wa Rodah. Mursik yake ilitoka na harufu ya moshi na rangi ya kijivu nyororo, lakini chembe ya mkaa hukuikuta kwenye meno. Mkaa wake ulikuwa umeshika kwenye kibuyu kama rangi ya ukutani. Huu wako, akasema, hata ukikohoa unamwagika.

Na kweli, Beverly alipoletewa kibuyu hicho kibovu, akatia majani ndani na kuyapima, vilima viwili viliinuka mara moja, virefu kuliko vya kwanza. Akafurahi. Kipkosgei, aliyekuja na Orina kushuhudia kwa niaba ya kituo, hakufurahi. Alisema hapo wamejua kwamba kibuyu kina vilima. Bado hawajajua kwamba majani hayana.

Beverly akakubali kwamba ni haki. Akampa Alexander chupa ya kioo iliyochemshwa, na mchana huo huo majani yakaletwa, yamechunwa na Orina kwa mikono iliyooshwa mbele ya watu, hayakugusa kibuyu wala kikapu. Tone likakauka kwenye kibati kipya cha fedha. Mwanga ukawashwa. Kalamu ikachora mstari ulionyooka, na Alexander akamtazama Kipkosgei kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi ya ardhi.

Kisha Beverly, kwa ajili ya uhakika, akaiacha mashine iendelee. Kalamu ikapita mara ya pili, na mstari ukapata tuta. Mara ya tatu vikawa matuta mawili. Mara ya nne hata Orina, ambaye alimwonea huruma Alexander, alilazimika kutazama dirishani.

"Arap Tonui," akasema Kipkosgei kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "hata bila kibuyu."

Kwa jicho la moyo Alexander aliona mtu mwingine akishuka na kikapu kwenye mizani, mtu asiyejua kuisemesha hiyo michai. Hakuwa na hoja. Hakujua lolote kuhusu mwanga wala fedha. Alichokuwa nacho ni chuki tu, ya miaka miwili, iliyotunzwa vizuri, na ndiyo iliyofungua mdomo.

"Basi na majani yako yapimwe."

Kipkosgei akacheka, akasema yake yalipimwa zamani yakatoka safi. Alexander akasema yapimwe tena, kwa mwanga ule ule, kwa muda ule ule. Au mwenyekiti ana dawa nyumbani? Au mwavuli ule ni wa kuzuia nini hasa? Orina akakohoa. Hapo Kipkosgei, kwa kuwa kulikuwa na mashahidi, akamtuma Orina shambani kwake na chupa nyingine, akakunja mikono akangoja.

Mstari wa mwenyekiti ulianza umenyooka kama rula. Mara ya pili ukapata tuta. Mara ya nne vilima viwili vya Kipkosgei vilikuwa vimesimama bega kwa bega, na kama kuna tofauti, vilikuwa vinene zaidi.

Maji yalisikika yakimwagika kwenye karai. Beverly hakuwa akiwatazama tena. Alikuwa ameinamia mashine kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Akachukua kibati kipya, na bila kukitia tone lolote akakipiga mwanga kikiwa kitupu. Wakangoja. Hata pale, juu ya fedha isiyo na kitu, vilima viwili vilianza kujitokeza polepole, vidogo, kama vinaona haya.

Ndipo akawaeleza jambo ambalo ndilo hasa alilolisomea ng'ambo, na ambalo mashine ilinunuliwa kwa ajili yake kabla kiwanda hakijaiazima kutafuta dawa. Mwanga ukikutana na vile vinundu vya fedha hauangalii tu. Unafanya kazi. Unasukuma, unaunganisha, unavunja. Unaweka kitu hiki juu ya fedha, unakipiga mwanga ili ukijue, na baada ya muda kidogo kilichokaa pale ni kitu kingine, kimezaliwa wakati unatazama. Pengine uchafu mdogo wa hewani hutua kwenye fedha, mwanga ukauchoma ukawa mkaa. Pengine jani lenyewe ndilo linachomwa.

Alexander alilifikiria hilo.

"Kwa hivyo mashine inampiga mtu," akasema, "halafu inamuuliza mbona analia."

"Ni hivyo, baba."

"Hiyo najua. Hiyo ni serikali."

Siku ile majani ya kwanza ya Alexander yalipopimwa, Beverly akakiri sasa, mwanga ulikaa juu ya tone muda mrefu kupita kiasi, kwa sababu ndama alikuwa ameukanyaga mpira wa maji nje, na yeye akatoka kupigana na huyo ndama. Majani ya wengine yalipigwa kidogo tu. Kipkosgei akatazama karatasi yake mwenyewe, akatazama mlango, akasema kwamba kwa maoni yake kamati haina sababu ya kukaa.

Orina alikitundika kikapu cha Alexander kwenye mizani Jumatatu iliyofuata, na majani yalikuwa magumu kidogo, na Orina hakuyaona. Kipkosgei alisimama pembeni. Mwavuli alikuwa ameufunga, na mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili moja baada ya hapo Beverly alipanda mlima kuja kunywa chai. Alexander alimkaribisha kwenye kiti cha Rodah, akamimina, kisha bila kuombwa akaenda kwenye msumari akashusha ile sotet, akaiweka mapajani mwa mgeni. Beverly akafungua kifuniko akanusa. Akaingiza kidole shingoni, akakitoa, wakakiangalia wote wawili. Kilikuwa safi.

Alexander akamuuliza, akikwangua kidogo tu, pale chini pasipoonekana, ataweza kujua? Beverly hakumdanganya. Alisema mkaa wa kibuyu na mkaa wa mwanga huita kwa mlio unaofanana mno, na huko ng'ambo kuna watu wenye mashine kubwa kuliko yake ambao bado wanagombana kuhusu vilima hivyo hivyo, vinatoka wapi. Huenda angekwangua bure.

Mzee akachukua kibuyu chake, akakifunga, akakaa nacho. Kama vilima vilikuwa vya mwanga, basi mkono wa Rodah haukumwaga hata chembe, ulikuwa vile Jerusa alivyosema, na hiyo ilikuwa sifa. Lakini kama vilikuwa vya kibuyu, basi Rodah, aliyeachwa matopeni na watu wenye miavuli, alikuwa amefika mpaka ofisini kwao, akasimama kwenye karatasi yao, na mrefu kuliko watu wote wa kituo. Hakujua ni lipi alilolitaka zaidi. Alilipindua hili na lile mpaka chai ikapoa, na Beverly alipoinuka kwenda alimsindikiza katikati ya michai hadi barabarani, akamshika mkono, akakataa kuuachia.

"Lakini, binti yangu, vile vya kwanza, vile virefu," akasema, "ni mwanga, ama ni yeye?"